Kamba wa maji baridi: fuga maji kwanza

Kwetu Pwani, ukitaja kamba mtu huwaza mchuzi wa nazi. Huku bara ninakofanya kazi, kati ya Kitale na Bungoma, nimezoea kamba wa aina nyingine: wale wadogo wa maji baridi, wenye urefu wa sentimita mbili au tatu, wanaofugwa sebuleni ndani ya tangi la kioo. Si viumbe wageni kabisa. Ziwa Victoria lina kamba wake mdogo, ochong'a, ambaye hukaushwa na kutiwa katika chakula cha mifugo. Wale wekundu wanaouzwa kama pambo, asili yao ni mashariki mwa Asia.

Anayetaka kuwafuga na ajue jambo moja: kamba hawa hufa kwa njaa mara chache sana. Kinachowaua ni maji. Kwa hiyo, fuga maji kwanza.

Tangi la lita 40 linatosha kuanzia. Dogo zaidi huchafuka na kubadilika joto upesi. Lioshe kwa maji matupu, bila sabuni. Tandaza changarawe iliyosuuzwa vizuri, panda majani ya majini, kisha weka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Sponji haifyonzi watoto wa kamba.

Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Kitale wengi tunakinga maji ya mvua kwenye mabati. Ni safi, lakini hayana chokaa, na kamba asiye na chokaa hushindwa kujivua gamba na kuota jipya. Mimi huyachanganya nusu kwa nusu na maji ya kisima. Msomaji wa Pwani ana shida iliyo kinyume: visima vyetu vya mawe ya matumbawe vina chokaa tele, na vingine vina chumvi. Huko, maji ya mvua ndiyo ya kuongeza.

Sasa subiri wiki nne hadi sita. Kila siku chache tia chembe za chakula cha samaki, ingawa tangi halina kitu. Chakula kikioza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye sponji na changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Vipimo vikionyesha amonia na nitriti ni sufuri, tangi liko tayari. Usiwamwage kamba ghafla. Watilie maji ya tangi tone kwa tone kwa saa moja au mbili ili wayazoee.

Joto la nyuzi 20 hadi 26 linawafaa. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari na usiku kuna baridi, basi tangi liwe mbali na dirisha. Bungoma iko chini zaidi na joto lake ni zuri. Mombasa hofu ni joto jingi, kwa sababu maji ya moto hubeba hewa kidogo.

Hatari kubwa huku ni dawa za shambani. Kamba ni jamaa wa mdudu. Kinachoua mdudu humuua naye. Tangu viwavijeshi vamizi waingie mwaka 2017, mahindi hupuliziwa dawa mara kwa mara. Wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon hutumia dawa zenye shaba, jamii ya mrututu, na shaba kidogo tu inatosha kuangamiza tangi zima. Usitumie ndoo iliyowahi kubeba dawa. Sukuma unayowapa ioshwe sana na kuchemshwa, na mabaki yatolewe baada ya saa tatu. Dawa ya mbu usipulize chumba hicho.

La mwisho linatuhusu sote. Ukichoka na kamba wako, usiwamwage mtoni. Mto Nzoia hupita Trans Nzoia na Bungoma, kisha huingia Ziwa Victoria, ambako familia nyingi zinaishi kwa uvuvi. Ziwa Naivasha lilitiwa kamba wa Marekani mwenye magando mwaka 1970. Alishambulia mimea ya ziwa, na hakuna aliyeweza kumwondoa. Mpe jirani kamba wako, au rafiki anayefuga. Maji machafu ya tangi nayo yamwage kwenye migomba, si kwenye mfereji unaoelekea mtoni: mayai na watoto wa kamba hawaonekani kwa urahisi, na migomba itakushukuru kwa mbolea.