Sabuni ya mche yabanwa Karatu, wapikaji wadogo wasubiri soko la hoteli

Kwenye maduka ya jumla ya Karatu mjini sabuni ya mche bado ipo, ila wenye maduka wanasema siyo tena inayozungusha hela. Inayozungusha ni ya unga, kuanzia pakiti ya kufulia mara moja hadi mfuko mkubwa wa kambi za kitalii, ikifuatiwa na sabuni ya maji inayouzwa kwa dumu. Wauzaji wengi huyataja matangazo ya redio kama sababu. Ukikaa nao zaidi, mazungumzo yanahamia kwenye maji, baridi na vumbi jekundu.

Mche hupikwa kwa mafuta, hasa ya mawese, pamoja na kostiki soda. Unga na sehemu kubwa ya sabuni za maji zina asili nyingine: kinachosafisha humo ni salfoniki, inayotokana na mafuta ya petroli. Kazi ni ileile. Ncha moja ya molekuli hushika maji, ya pili hushika mafuta, na uchafu unang'oka katikati. Tofauti inajitokeza pale maji yanapokuwa na kalsiamu na magnesiamu. Mche ukikutana nayo huganda, povu linakataa, ukoko mweupe unabaki kwenye beseni na shati jeupe linaanza kuwa la kijivu. Salfoniki huvumilia zaidi, na watengenezaji wa unga huongeza magadi soda ili kuyalainisha maji kabla ya nguo kuanza kufuliwa.

Muuza duka mmoja anasema katoni ileile ya mche huisha upesi upande mmoja wa wilaya na kurudishwa upande mwingine, wateja wakidai ni feki. Maelezo yake yanaingia akilini. Wanaochota maji ya chemchemi kutoka msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, au wanaokinga ya mvua, hawana shida kubwa. Wanaotegemea visima virefu hutofautiana kisima na kisima. Watu huchanganya hili na floraidi, ambayo kanda hii ya Bonde la Ufa inajulikana kwayo kwa meno ya kahawia, lakini floraidi siyo inayoua povu.

Baridi nayo ina mchango wake. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Karatu yenyewe asubuhi za Juni na Julai maji ya bombani yanauma vidole. Mche wenye mafuta magumu huyeyuka kwa shida kwenye maji hayo. Unga huyeyuka. Kwa hoteli yenye mashuka meupe na wageni wanaorudi jioni wamejaa vumbi, hakuna cha kujadili.

Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Mwanamama anayetengeneza sabuni ya maji nyuma ya nyumba yake anasema hoteli na kambi ndizo wateja wakubwa wa bidhaa kama yake mjini hapa, na ndizo asizozifikia. Kazi anaijua. Salfoniki, nzito na ya kahawia, huimwaga kwenye pipa la maji, kisha huongeza maji ya magadi soda kidogo kidogo huku akikoroga kuelekea upande mmoja, hadi ukali wa tindikali uishe. Inafuata slesi ya kuongeza povu, halafu chumvi ya kuleta uzito. Chumvi ndiyo mtihani: ikipungua sabuni inakuwa nyepesi, ikizidi inarudi kuwa maji na pipa zima limeharibika. Huiacha ilale usiku mmoja povu litulie ndipo aifungashe.

Anasema alipopeleka sampuli kwenye hoteli, meneja aliisifu, kisha akaulizia alama ya ubora, risiti ya mashine ya kodi na uwezo wa kusubiri malipo kwa miezi. Hana hata kimoja. Sharti la tatu ndilo linalomuumiza zaidi, kwa kuwa salfoniki hununua Arusha kwa fedha taslimu na kuisafirisha kwa basi. Akikopesha dumu kumi, pipa linalofuata halikorogwi. Anaona hoteli zinakaa Karatu, zinatumia maji na vibarua wa Karatu, huku bajeti ya usafi ikiishia Arusha na Dar es Salaam. Ni vigumu kumpinga.

Ofisa mmoja anayehusika na biashara ndogo anasema mlango uko wazi: mjasiriamali mdogo anaweza kupewa alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu. Ni kweli utaratibu huo upo. Ila bure yake ni ya alama tu. Chumba cha uzalishaji chenye sakafu na ukuta unaokubalika, vifungashio vyenye lebo, safari za kufuatilia sampuli, hivyo mjasiriamali hujilipia. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 nayo iliwabana waliokuwa wakipima unga wa jumla kwenye vifuko. Ofisa hakuwa na idadi ya watengenezaji wa Karatu waliofikia hatua ya kuuzia hoteli.

Takwimu aliyokuwa nayo ni nyingine, na alikaa nayo muda mrefu: tani milioni moja. Hicho ndicho kiasi cha magadi soda ambacho viongozi wamekuwa wakikitaja kwamba kitazalishwa kwa mwaka katika bonde la Engaruka, ng'ambo ya nyanda za juu za Ngorongoro. Kwa hesabu yake, kiwanda kikianza, malighafi ya sabuni itashuka bei kanda nzima.

Magadi yapo, hilo halina ubishi. Ol Doinyo Lengai ni mlima hai pekee duniani unaotoa lava yenye wingi wa kabonati ya sodiamu, na Ziwa Natron liko chini yake. Nchini Kenya, magadi yamekuwa yakichimbwa Ziwa Magadi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Lakini mteja mkubwa wa magadi soda duniani ni viwanda vya vioo, na katika pipa la yule mama magadi soda ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachommaliza ni salfoniki, na hiyo Engaruka haitaitoa. Ahadi hii imerudiwa kwa miaka mingi, na sioni kwa nini mtengenezaji mdogo aipangie bei leo.

Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro biashara ina sura yake. Wauzaji wanaopeleka bidhaa Endulen na Nainokanoka wanasema wateja wamepungua tangu baadhi ya familia zilipoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, mwaka 2022, ingawa wanaobaki bado wanapenda mche kwa sababu hukatwa vipande. Kambi kwa upande wao hununua sabuni za unga na za maji zenye lebo za urafiki na mazingira. Lebo hizo zinahitaji kuulizwa maswali. Salfoniki ya sasa huoza vizuri palipo na hewa, tofauti na ile iliyojaza povu mito ya Ulaya na Marekani hadi ikaachwa miaka ya 1960; kwenye shimo la maji taka lisilo na hewa, haiozi kirahisi. Mche huoza upesi zaidi, na hilo halionekani kwenye hesabu za mnunuzi wa hoteli.

Mche unaweza kupata nafuu iwapo mawese yatashuka. Unaweza pia kupata pigo jingine kama la 2022, Indonesia ilipozuia kuuza mafuta ya mawese nje kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Salfoniki nayo inafuata petroli na dola. Wauzaji wa jumla wanatarajia unga uendelee kuongoza msimu wa wageni wa Juni hadi Oktoba. Watengenezaji wa sabuni ya maji wanatarajia kuuzia mama lishe, waosha magari na shule, wanaolipa papo hapo, na hawapangi mapipa yao kwa kutegemea hoteli.