Ushanga Mmoja Katika Damu

Juma hili twasema juu ya damu, kwa sababu ya neno tulisikialo mara nyingi katika nyumba za Wakristo wetu, hasa pande za Nyanza, Magharibi na Pwani. Mtoto huzaliwa mzima. Ananyonya, anacheka. Akifikia miezi sita hivi mikono na miguu yavimba, analia usiku kucha, macho yageuka manjano. Hapo majirani huanza: ametazamwa kwa jicho baya. Wengine humgeukia mama na kusema ameleta laana kutoka kwao. Tumeona ndoa zikivunjika kwa neno hili. Basi na tuitazame damu yenyewe.

Kila kilicho hai, mgomba, ng'ombe au mwanadamu, kimejengwa zaidi kwa vitu vichache: kaboni, haidrojeni, oksijeni na nitrojeni. Vitu hivi huungana kuwa wanga, mafuta, protini na vinginevyo. Wanga na mafuta tuyaache leo, kila mpishi ayajua. Protini ni kama uzi wa shanga. Kila ushanga huitwa asidi ya amino, nazo ni aina 20 tu. Kwa kuzipanga mbalimbali mwili hufanya misuli, kucha, nywele, hata vile visagavyo chakula tumboni. Maagizo ya kuzipanga twayarithi, nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Kisha uzi hujikunja wenyewe, na kazi yake hutokana na jinsi ulivyojikunja.

Wekundu wa damu ni protini iitwayo himoglobini. Ina nyuzi nne: mbili za shanga 141, mbili za shanga 146. Kila uzi umeshika atomi moja ya chuma, nayo ndiyo ibebayo oksijeni. Katika ule uzi mrefu, ushanga wa 6 hupaswa kuwa asidi ya glutamiki, ipendayo maji. Kwa watoto hawa mahali pale pana valini, ambayo huyakimbia maji kama mafuta. Ni hilo tu! Vernon Ingram alilitambua huko Cambridge mwaka 1957. Mmeona matone ya mafuta juu ya mchuzi yanavyotafutana? Ndivyo himoglobini hiyo, ikiisha kutoa oksijeni, inavyoshikamana na kuwa kama fito ndefu ndani ya chembe ya damu. Chembe hupindika kama mundu, ndiyo sababu ugonjwa huitwa selimundu. Zilizopindika huziba mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu. Tena hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku kama 120, hizi 10 hadi 20. Hapo damu hupungua, na macho huwa manjano.

Mbona miezi ya kwanza mtoto alikuwa mzima? Maana azaliwapo ana himoglobini ya tumboni, isiyo na uzi ule wenye kasoro. Hiyo hupungua polepole, ile ya wakubwa ikachukua mahali pake. Jirani hakufanya neno.

Wala si mama peke yake. Mwenye nakala moja yenye kasoro kwa kawaida huwa mzima; wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta ugonjwa. Baba amfukuzaye mkewe amebeba kitu kile kile. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba nakala moja humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana imezidi pwani na kando ya ziwa kuliko nyanda za juu. Laana gani hiyo iliyowalinda babu zetu?

Mtoto apelekwe hospitali apimwe damu. Anywe maji ya kutosha, asipigwe na baridi, alale ndani ya chandarua, maana nakala mbili humdhoofisha mbele ya malaria. Iko na dawa, haidroksiyurea, atoayo daktari. Huufanya mwili utengeneze tena himoglobini ile ya tumboni.