Kutoka Ikungi kwenda kuona igizo Dar: Onyesho kwanza, nauli baadaye

Juni ikiingia, upepo wa Singida unakuwa mkali na makoti yanatoka kabatini. Wilayani Ikungi ndio wakati ambao wakulima wengi wanamalizia kuvuna na kupiga alizeti. Shule zimefunga, hela kidogo inaonekana, na nyumbani swali linaanza: likizo hii twende wapi?

Kwa familia yenye mwanafunzi wa sekondari, kuna jibu ambalo wengi hawalifikirii: kwenda mjini kuangalia igizo jukwaani.

Kwa miaka mingi wanafunzi wamesoma tamthilia ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya Edwin Semzaba, kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili. Wanakijua kisa cha karani wa sensa aliyekwenda kijijini kuhesabu watu akaishia kwenye mapenzi. Lakini wengi wao hawajawahi kukaa ukumbini, taa zikazimwa, na mwigizaji akasimama hatua chache mbele yao.

Shida ni kwamba igizo si sinema. Anayepanda basi kwanza na kuuliza ratiba baadaye anaweza kuchoma nauli ya familia nzima, akafika na kukuta ukumbi umefungwa.

Kwa nini hayapo kila siku

Igizo moja linahitaji wiki kadhaa za mazoezi, halafu linaonyeshwa kwa siku chache tu, mara nyingi mwisho wa wiki. Vikundi vingi havina ukumbi wao. Vinakodi au vinaazima, kwa hiyo tarehe inaweza kusogezwa. Likipita, limepita.

Zamani haikuwa hivi. Miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano na baadaye TOT, iliyoongozwa na Kapteni John Komba, vilizunguka na onyesho lililochanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na muziki kwa kiingilio kimoja. Onyesho ndilo lililomfuata mtazamaji.

Kisha televisheni ikaingia. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na vikundi kama Kaole vikapata umaarufu kupitia kioo. Baadaye zikaja filamu za Bongo. Waigizaji wakafuata kamera, na leo anayetaka jukwaa lazima alifuate mwenyewe.

Kalenda ya kipupwe

Kwa mtu wa Ikungi, miezi ya Juni hadi Agosti ina nafasi kadhaa, na kila moja ina njia yake.

Juni: Kwa anayeelekea Mwanza kupitia Nzega na Shinyanga, kuna Bulabo, mashindano ya ngoma za Wasukuma yanayofanyika Bujora, Kisesa. Makundi ya Wagika na Wagalu hushindana kuvuta watazamaji. Tarehe hufuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu, takriban siku 60 baada ya Pasaka, kwa hiyo hubadilika kila mwaka. Kuna miaka inaangukia mwisho wa Mei.

Julai: Dar es Salaam ina Sabasaba, maonyesho ya biashara katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa. Burudani zipo, lakini wageni nao ni wengi. Anayefuata igizo la ukumbini atafute chumba mapema au aepuke siku hizo.

Agosti: Nanenane kanda ya kati hufanyika Nzuguni, Dodoma, na huhusisha mikoa ya Dodoma na Singida. Vikundi vya ngoma hupanda jukwaani. Kwa mwenye bajeti ndogo, hii ndiyo safari ya karibu zaidi.

Kosa la kuepuka ni Bagamoyo. Wengi wanalijua kwa jina Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni, linaloandaliwa na TaSUBa, chuo cha sanaa cha serikali. Ila kwa miaka ya karibuni tamasha hilo limekuwa likifanyika Oktoba au Novemba. Anayekwenda Julai akitarajia tamasha atakuta mji umetulia. Hata hivyo wanafunzi wa TaSUBa hupanda jukwaani kama sehemu ya masomo yao, kwa hiyo kupiga simu chuoni kuuliza hakupotezi kitu.

Dar, pa kuulizia ni wapi?

Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ina ukumbi wa maonyesho. Hata siku isiyo na igizo, msafiri hapotezi safari, maana makumbusho yenyewe yapo wazi.

Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali na ngoma za jukwaani. Kiko karibu na stendi ya Makumbusho, zinakopatikana daladala za Bagamoyo, mji ulio umbali wa kilomita 70 hivi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile (1969), alipita hapo, na Semzaba mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo hicho. Lakini katikati ya mwaka wanafunzi wanaweza kuwa likizo, kwa hiyo ni lazima kuuliza kwanza.

Nafasi Art Space, Mikocheni, na Alliance Française pia hupokea maigizo, dansi na muziki. Kwa wapenda vichekesho, kuna majukwaa kama Cheka Tu, ambayo tarehe zake hutangazwa mitandaoni.

Igizo linaweza kuwa la Kiswahili, Kiingereza au bila maneno kabisa. Swali la lugha liulizwe mapema, hasa kama mzee au mtoto yumo safarini.

Njia na nauli

Ikungi iko kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Manyoni na Dodoma, kwa hiyo kuna njia mbili za kufika Dar.

Ya kwanza ni basi moja kwa moja. Kutoka Singida hadi Dar ni takriban kilomita 700, siku nzima barabarani, na mwisho wa safari ni stendi ya Magufuli, Mbezi Luis.

Ya pili ni basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR. Safari za treni kati ya Dar na Dodoma zilianza Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa Sh31,000 kwa mtu mzima. Mwanafunzi wa sekondari aliyevuka miaka 12 analipa hiyo hiyo. Baba, mama na kijana mmoja, kwenda na kurudi, ni Sh186,000 kwa treni peke yake, kabla ya basi, gesti na chakula.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini ratiba ni muhimu. Kiingilio cha igizo kinaweza kuwa kidogo kuliko vyote. Kinachouma ni gharama ya kukifuata.

Mpangilio salama uko hivi: kupata tarehe ya onyesho, kupiga simu ukumbini kuthibitisha, kulipia kiingilio, ndipo kukata treni na kutafuta gesti. Kufika iwe siku moja kabla. Anayetoka Ikungi asubuhi ya siku ya igizo anacheza kamari, kwa sababu basi likiharibika Manyoni, treni haisubiri.

Pia maonyesho mengi huanza jioni. Gesti iwe karibu na ukumbi, au usafiri wa kurudi upangwe kabla taa hazijazimwa.

Tiketi na matapeli

Bango la mtandaoni si uthibitisho. Linaweza kuwa la mwaka jana na mtu amelisambaza upya. Cha kuangalia ni tarehe kamili pamoja na mwaka, jina la ukumbi, na kama ukumbi wenyewe umetangaza kwenye ukurasa wake.

Malipo yaende kwenye namba iliyotolewa na waandaaji, na jina linalotokea kwenye simu lisomwe kabla ya kuweka namba ya siri. Anayesema "nitumie mimi, nitakukatia" kwenye meseji ya pembeni aachwe. Ujumbe wa malipo usifutwe mpaka onyesho liishe.

Na kama likiahirishwa?

Linaweza kuahirishwa. Ndiyo maana safari nzuri haisimami kwa mguu mmoja. Igizo la Jumamosi likifutwa, Jumapili iwe na Kijiji cha Makumbusho, au daladala ya kwenda Bagamoyo kuona mji mkongwe.

Likifanyika, kijana aliyesoma Ngoswe kwa ajili ya mtihani atarudi Ikungi akijua kwamba maneno yale yaliandikwa yasemwe mbele ya watu.