Medali isimgharimu mtoto mifupa yake

Mama mmoja aliingia katika kliniki yangu na mwanawe wa miaka 14, mkimbiaji hodari shuleni. Kijana alikuwa akichechemea. Chini kidogo ya pia ya goti palikuwa na uvimbe mgumu, na nilipoubonyeza aliruka kwa uchungu.

"Daktari, mdunge sindano tu," mama alinisihi. "Mchujo ni Jumamosi, na kocha amesema akikosa, nafasi yake itapewa mwingine."

Wazazi wengi wana ndoto kama yake. Michezo ya Vijana ya Afrika ilianza Rabat, Morocco, mwaka wa 2010, kisha ikaandaliwa Gaborone 2014, Algiers 2018 na Luanda 2025. Kupitia michezo hiyo, mtoto aliye bado sekondari anaweza kuvaa jezi ya taifa. Hilo ni jambo la fahari, lakini mwili wake si wa mtu mzima.

Mfupa ungali unakua

Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka laini za gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Tabaka hizo hugeuka kuwa mfupa kamili ujana unapokaribia kwisha, na kabla ya hapo huumia kwa urahisi.

Kijana huyo alikuwa na maradhi yaitwayo Osgood-Schlatter. Kila anapokimbia au kuruka, misuli ya paja huvuta mfupa wa muundi mahali ambapo haujakomaa. Hakuhitaji sindano. Alihitaji kupunguza mbio, kukandwa kwa barafu iliyofungwa kitambaani, mazoezi ya kunyoosha misuli ya paja, na subira. Kwa kawaida maradhi haya huisha mtoto anapoacha kurefuka.

Wasichana nao

Msichana anayefanya mazoezi makali bila kula vya kutosha huweza kukosa hedhi. Wapo wanaodhani kwamba huko ni kuiva kimichezo. La! Ni onyo kwamba chakula hakitoshi, na mifupa yake huweza kudhoofika. Akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, amwone daktari.

Mzazi afanye nini?

Saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto: wa miaka 14, saa 14. Apumzike angalau siku moja kila wiki. Asipewe dawa ya kutuliza maumivu ili aweze kukimbia. Akichechemea, au maumivu yakimwamsha usiku, apelekwe hospitali. Akizimia au kuumwa na kifua akikimbia, aache mara moja na apimwe moyo.

Kijana wetu alikosa mchujo ule. Mamake aliondoka amenuna, nami sikumlaumu. Miezi kadhaa baadaye walirudi kunisalimu, kijana akitembea sawasawa, viatu vya mbio mkononi. Mzazi mwenzangu, mchujo mwingine utakuja. Mlinde mtoto ili siku hiyo imkute mzima.