Pumzi Ivuke Bahari, Mtoto Abaki Kwao

Maumivu ya tumbo ya mtoto yana sababu nyingi. Mojawapo ni kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, ambacho Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walikitambua mwaka 1982, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Aghalabu humwingia binadamu angali mtoto, na baadhi hupata vidonda vya tumbo.

Ili kumtambua mtoto aliyeathirika, madaktari bingwa hushauri mpira wenye kamera upitishwe kooni hadi tumboni. Kazi hiyo hufanyika katika hospitali kubwa, nayo kwa mkazi wa kisiwani maana yake ni nauli, malazi na siku za kazi kupotea. Lakini kumaliza dawa si kupona. Ni lazima mtoto apimwe tena, wiki 4 au zaidi baada ya tiba. Je, mzazi avuke bahari mara ya pili?

La hasha. Kwa safari hiyo ya pili kipo kipimo cha pumzi. Mtoto hupuliza ndani ya kichupa, kisha hunywa maji yenye yurea iliyotiwa kaboni 13, ambayo haina mionzi. Kijidudu kikiwa bado kimo, huivunja yurea. Kaboni hiyo huingia damuni na kutoka mapafuni pamoja na hewa ya ukaa. Baada ya nusu saa hivi hupuliza tena, na pumzi hizo mbili hulinganishwa. Kichupa kilichofungwa vyema huhifadhi pumzi kwa siku nyingi, kikasafirishwa hadi penye mtambo.

Hatusemi kila mtoto mwenye maumivu ya tumbo apimwe. Wengi hubeba kijidudu hiki bila kuugua, na kwa walio chini ya miaka 6 majibu huweza kupotosha. Aidha, dawa zinazomezwa ovyo huvizoesha vijidudu, hata zisividhuru tena.

Rai yetu kwa wakuu wa Afya ni hii: mtambo mmoja waweza kuhudumia visiwa vingi, iwapo kila hospitali ya kisiwa itapewa vichupa, yurea na muuguzi aliyefunzwa. Gharama yake ilinganishwe na nauli ambazo wananchi hulipa. Nao wazazi wasiridhike kwa kuwa maumivu yametulia. Waulize kama kijidudu kimekwisha.