Sarafu ya Tembo na Neno la Mpimaji

Mzee mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, alinionyesha sarafu ya dhahabu yenye picha ya tembo. Ni rupia 15 za Wajerumani, zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitolewa kama 16,000 tu, na za bandia zipo. Mnunuzi alikuwa amemwambia, "Yako ni bandia, lakini nitaichukua." Nikamwuliza mzee: kama ni bandia, yeye anaitakia nini?

Mwenye dagaa pale Mwaloni Kirumba, kabla ya kukubali mizani ya mnunuzi, hana budi kutazama stika ya Wakala wa Vipimo. Sarafu nayo yahitaji mtu wa tatu, asiye mnunuzi wala muuzaji. Huko Marekani yako makampuni ya kazi hiyo, kama PCGS na NGC. Hukagua sarafu, huipa daraja kati ya 1 na 70, kisha huifungia katika kasha la plastiki lenye namba.

Kampuni ya namna hii mimi huipima kwa swali moja: ikikosea, nani hulipa? Yenye dhamana ya kufidia kosa lake, neno lake lina uzito. Isiyo nayo imekuuzia kasha tu. Na kasha nalo huigizwa; hivyo linganisha namba yake na kumbukumbu za kampuni kwenye intaneti kabla ya kutoa fedha.

Mzee ameirudisha sarafu sandukuni. Atangoja mpimaji asiyeitamani. Kwaherini hadi juma lijalo.