Tengeneza Njia ya Nyumbani Kabla ya Mvua

Ikiwa una nyumba Migori au Homa Bay, au wazazi wako wako huko nawe huwatembelea kwa gari, hebu ichunguze njia inayotoka barabarani hadi mlangoni. Mvua ndefu huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Gari likipita mara mbili tu kwenye tope, huacha alama za magurudumu ambazo hujaa maji. Humo ndimo mbu wa malaria hutaga mayai.

Wengi hudhani mbu huyu hupenda vichaka na vinamasi. Kumbe aina iitwayo Anopheles gambiae hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani: alama za magurudumu, za kwato za ng'ombe, na mashimo ya udongo wa matofali. Katika joto la kando ya Ziwa Victoria, yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku kumi hivi. Kidimbwi kikikauka chini ya wiki moja, viluwiluwi hufa. Kikikaa wiki mbili, umefuga mbu.

Si jambo dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulionyesha kwamba katika eneo la ziwa, watoto 19 kati ya 100 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kwa nchi nzima walikuwa 6.

Anza kazi Februari, ardhi ingali kavu. Ule udongo mweusi wa Homa Bay hupasuka wakati wa kiangazi, lakini ukilowa hunata kama gundi na kibarua atakudai mara dufu. Tazama kwanza maji hutokea wapi. Chimba mtaro upande wa juu wa njia ili uyakinge kabla hayajaifikia. Kisha jaza mashimo kwa mawe na changarawe, ushindilie, na uinue katikati ya njia ili maji yateremke kando. Kumwaga mchanga peke yake ni kupoteza pesa. Udongo mweusi huumeza.

Ugumu ni pale mtaro unapoishia. Usiuelekeze kisimani wala kwenye choo cha shimo, kwani choo kikifurika huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Wala usimmwagie jirani. Katika ploti za kukodisha, ugomvi huanzia hapo, basi zungumzeni mapema na mwenye nyumba na mchange pesa za kibarua.

Anayechimba avae gambuti, maana minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo. Mwenye maumivu ya mgongo asijitie ushujaa.

Mvua ikishaanza, kagua njia yote kila Jumamosi. Ukiona kidimbwi, kifukie au ukichimbie mkondo. Chandarua kitumike vilevile kila usiku. Mbu hajui mpaka wa ploti. Na mtoto akishikwa na homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo badala ya kununuliwa tembe dukani kwa kubahatisha.